Aliyemwita Mgeni Ndiye Mwenye Njia

Mimi sina ugomvi na simu. Ninayo yangu ya vitufe, inaniletea habari za misiba na za mbolea, inanitosha. Kilichonikasirisha, na mpaka leo sijapoa, ni watu kuchukua sauti yangu, kuikata vipande kama kitambaa, kuishona upya wanavyotaka wao, halafu kuituma kwa watu nisiowajua iwaite kwa jina la ukarimu.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu mkubwa, anakaa na mimi hapa Mjimwema. Amesomea mambo ya kompyuta, akapata kazi kwenye ofisi moja ya vijana hapa Njombe mjini. Jina la ofisi naliacha. Walikuwa wametengeneza programu ya simu ya kuwaelekeza wageni: pa kulala wapi, maporomoko wapi, magari ya Makambako na ya Ludewa yanapatikana wapi. Wageni wakalalamika kwamba programu ni kavu. Mmoja aliandika kwamba kuisoma ni kama kusoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Basi ofisi ikaamua kuitengeneza upya, iwe rafiki kwa msafiri. Iwe na mtu ndani yake.

"Na mtu mwenyewe ni wewe, Bibi," mjukuu akaniambia.

"Mimi? Sauti yangu hii hata kuku wanaikimbia."

"Ndiyo hiyo hiyo wanayoitaka. Mgeni akifungua simu tu, anakaribishwa na bibi."

Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Akaniwekea simu karibu na mdomo, juu ya kigoda. Nikasema kama ninavyomwambia mtu yeyote anayekuja kwangu. Nilianza na salamu ya kwetu, nikasema: "Kamwene. Karibuni Njombe. Huku ni baridi, njooni na sweta, na mtoto mfunike kichwa. Ukitaka kwenda Ludewa wakati wa mvua, uliza kwanza njia imeamkaje. Usimwulize mwenye gari, yeye anataka abiria. Mwulize aliyetoka huko asubuhi. Akikwambia ni kubaya, kaa, ota moto, njoo siku nyingine. Na ukifika kwa watu, piga hodi."

Mjukuu alicheka, akasema imependeza. Nami nikaendelea na maharage yangu.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtu ataona nilichofanya baadaye ni wazimu wa uzee. Mama yangu alikuwa na desturi, na aliipata kwa mama yake. Akimwita mgeni, labda dada yake wa upande wa pili wa bonde, basi asubuhi ya siku hiyo alitoka na fimbo akapiga majani ya pande zote mbili za njia, aangushe umande, mgeni asifike amelowa. Alienda hivyo mpaka kijitoni. Kama kuna jiwe linaloteleza, aliliondoa. Alisema aliyemwita mgeni ndiye mwenye njia. Mgeni akijikwaa njiani, hajajikwaa mwenyewe, umemkwaza wewe. Na kama ameumia au amepata shida, hukai ukamsubiri mlangoni na maneno. Unachemsha maji, unamwosha miguu kwa mikono yako, ndipo mnaongea. Nimemwona mama akimwosha miguu mwanamke aliyemzidi umri kidogo tu, na hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana mimi siiti watu ovyo. Kwenye ukoo wetu na hapa usharikani wanajua, nikisema njoo, basi nimeshaiangalia njia. Neno langu ndilo hilo. Shamba nimeshawagawia wanangu, nguvu zimekwenda, kilichobaki mkononi mwangu ni kwamba nikisema jambo, liko hivyo.

Sasa, mwezi wa tatu nilikwenda Makambako kumtazama mdogo wangu aliyekuwa anaumwa mguu. Siku ya kurudi nikaingia kwa mama lishe mmoja karibu na gereji, nipate chai kabla ya gari. Upepo wa Makambako wanaujua wenyewe, ulikuwa unapiga turubai kama mtu anayedai kitu. Kwenye benchi kulikuwa na mwanamke kijana, kavaa viatu vya wazi, tope limemkaukia mpaka magotini. Amempakata mtoto, amemfunga kwenye khanga mbili, na mtoto anakohoa kile kikohozi cha kifuani. Mama lishe alikuwa amempa mtoto uji.

"Mmetokea wapi na hali hiyo?" mama lishe akauliza.

"Dar. Tulikuwa tunakwenda Mawengi, huko Ludewa, kutembea, tuone milima. Tumeacha barabara kubwa tukashika ya vumbi."

"Ya vumbi!" mama lishe akasema. "Mwezi huu? Utalipata wapi hilo vumbi?"

Yule mwanamke hakucheka. Akasema gari lao lilizama kwenye tope, wakalala humo humo mpaka wanakijiji walipokuja kulisukuma. Mtoto alipigwa na baridi, wakampeleka zahanati, akapata dawa. Gari likawafikisha Makambako likagoma, mume wake yuko hapo gereji na fundi.

"Na nani aliwaambia muende huko na mvua hizi?"

"Si huyu hapa," akasema, akatoa simu. "Bibi wa kwenye simu. Mume wangu alitaka tuishie Njombe, mimi nikamwambia, bibi mzima akukaribishe hivi halafu uogope? Sikilizeni."

Akabonyeza. Pakatokea sauti yangu.

"Kamwene. Karibuni Njombe. Ukitaka kwenda Ludewa, njoo."

Basi. Hakuna sweta wala mvua wala kuuliza. Ukitaka kwenda Ludewa, njoo. Na mwisho wakaweka kinanda kidogo, cha kubembelezea.

Nikaweka kikombe chini. Nikasema, "Huyo ni mimi."

Watu wakageuka. Yule mwanamke akanitazama, akatazama simu. "Wewe?"

"Mimi. Lakini sikusema hivyo."

"Bibi, sauti si hii? Mlituita wenyewe." Macho yakamjaa machozi. "Mlituita."

Ningejibu nini? Ningemweleza habari za maharage na kigoda na kukatwa? Mtoto anakohoa, mama yake ana tope miguuni, na mdomo uliowaita ni huu wangu. Nikamwomba mama lishe maji ya moto na beseni lake la vyombo. Nikapiga magoti.

"Bibi, unafanya nini? Acha, watu wanaangalia."

"Waangalie. Leta mguu."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa anakula chapati akapiga mluzi. "Jamani, Alhamisi Kuu ya kuoshana miguu imewahi mwaka huu! Bibi, ukimaliza na mimi nipo."

"Wewe kaoshwe na mama yako," nikamwambia, "mimi sikukuita."

Watu wakacheka, akarudia chapati yake. Yule mwanamke alikuwa anavuta mguu kwa aibu, kisha akauacha. Nilimwosha mguu mmoja, nikaosha wa pili, nikamkausha kwa kitenge changu. Hakuwa ameelewa, najua. Alidhani nimechanganyikiwa. Lakini alipotulia niliweza kumwambia nilichokuwa nimesema tangu mwanzo, neno kwa neno, na yeye akasikiliza. Akasema, "Sasa kwa nini wakate hayo? Hayo ndiyo ningeyataka." Nilimvulia mtoto sweta langu, likamfunika mpaka miguuni. Nikapanda gari la Njombe bila sweta.

Mjukuu alikuwa anapika nilipofika. Sikuvua hata viatu. "Nani amekata maneno yangu?"

Akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Nimekata mimi, Bibi."

"Kwa mkono wako?"

"Niliambiwa. Walisema ni ndefu, tena inatisha. Na ule mkataba wangu ni wa majaribio, unajua. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza. Jiko hili lina mlango kutoka chumbani kwako."

Sikula chakula chake. Asubuhi tukaenda wote ofisini, yeye nyuma yangu, amejifunika ushungi kama anayekwenda kuzikwa mwenyewe.

Bosi wao ni kijana mwenye adabu, sitamsingizia. Alisimama, akanipa shikamoo, akavuta kiti. Nikamweleza habari ya mtoto wa Makambako. Akasikitika. Kisha akaanza. "Bibi, lengo letu ni programu iwe rafiki. Mgeni akifungua akasikia baridi, tope, subiri, anafunga. Anakwenda Zanzibar. Sisi tunataka ajisikie amekaribishwa."

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Ludewa, Bibi. Huko huko juu, karibu na Mawengi."

"Mama yupo?"

"Yupo, tunamshukuru Mungu."

"Mwezi huu akikupigia simu anakwambiaje?"

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. Akatazama meza. "Ananiambia nisije kwanza. Nisubiri njia ikauke."

"Basi yeye hakupendi."

"Bibi, yule ni mama."

"Na huyu wa Dar hana mama? Mama ulimtafuta kwangu, ukamweka kwenye simu awaite watu. Halafu ukamkata ulimi."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na naomba ieleweke. Hakuna mtu mle ndani aliyehitaji kufundishwa na mimi. Wote wamezaliwa huku. Wote wanajua njia zinavyoamka mwezi wa tatu, na hakuna hata mmoja ambaye angempeleka mtoto wake mwenyewe huko. Walijua, wakaona mgeni ajue baadaye. Huo wanauita urafiki! Duka la nguo likikuchekea tunasema muuzaji anatafuta riziki, hatusemi amekuwa ndugu. Wao wanataka kicheko cha muuzaji, lakini kwa sauti ya bibi.

Nikamwambia achague: maneno yangu yote, au asiwe na hata moja. Akaomba muda wa kushauriana na wenzake. Nikasema sauti haijadiliwi, ni yangu. Mwishowe akamwambia mjukuu wangu, "Itoe ya bibi. Tutafute nyingine."

Nilirudi nyumbani nimeshinda, ndivyo nilivyodhani. Neno langu lilikuwa limerudi kwangu.

Jumamosi mjukuu akaja nilipokuwa nachambua mbegu za viazi. Akasema ya kwangu imetolewa kweli, niisikie mpya. Akabonyeza. Sauti laini, ya msichana. "Kamwene. Karibuni Njombe. Ukitaka kwenda Ludewa, njoo."

"Ni nani huyo?"

Nikaisikiliza tena, nikamtazama.

"Hawakupata mwingine," akasema. "Nikaona afadhali mimi kuliko wewe."

Kwa hiyo mtoto niliyemlea alidhani ameniokoa. Sikupaza sauti. Nilimwambia, "Haya. Sasa umeita wewe. Beseni liko nyuma ya mlango. Masika hayajaisha, watakuja."

Alikasirika, akaingia ndani, akabamiza mlango. Nami nilikuwa nimekasirika, nikaendelea na viazi vyangu. Jua lilikuwa limeshapanda nilipomsikia jikoni, anaongea peke yake. Anasema, anakosea, anaanza tena. "Huku ni baridi, njooni na sweta. Ukitaka kwenda Ludewa wakati wa mvua, samahani, uliza kwanza njia imeamkaje..."

"Ondoa hiyo samahani!" nikamwambia kutoka uani. "Unamwomba radhi ya nini mtu unayemwambia ukweli?"

Akaanza upya, bila samahani.

Aliirekodi, akaipeleka ofisini Jumatatu, kwa jina lake, na kusema hatatoa nyingine. Bosi wake amesema wataiangalia. Mpaka naandika haya bado wanaiangalia, na mvua bado inanyesha.