Cherehani ya Godelive

Zamani mtu akiugua watu walimjazia nyumba mpaka akatamani kupona ili wamwondokee. Siku hizi wanampigia simu, wanasema pole, wanakata. Mzee Dominiki, fundi viatu Mtanzania, aliwahi kuiona ile desturi ya zamani ikifanya kazi kwenye baraza ya duka huko Umbilo, Durban, Afrika Kusini, alikofanyia kazi pamoja na Godelive. Akiwahadithia vijana, wanatazama saa.

Mwaka 1998 Godelive alikuwa fundi cherehani, Mrundi mwenye mdomo usiokaa kimya. Kisha miguu ikaanza kumyumbisha. Asubuhi anatembea vizuri, mchana anashika ukuta. Wateja wakaanza kunong'ona.

"Wanasema nakunywa, muzee."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Basi walete. Kiu iko."

Hospitali wakautaja ugonjwa: sklerosisi. Mwili wenyewe unakula ganda la mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna waya. Dawa ya kuumaliza haipo, ila akwepe joto, apumzike kabla hajachoka, na asijitenge na watu. Mumewe Libère, mfanyakazi wa kiwanda cha Pinetown, alishika neno moja tu: apumzike. Akaifunika cherehani kwa gunia, akamlaza mkewe chumbani mwao, ghorofa ya tatu. Godelive akabaki anatazamana na dari. Miguu haikumliza, cherehani ilimliza.

Kina mama wa kanisani hawakukawia. Mama Annick aliwaongoza kupanda ngazi na sufuria ya majani ya mkaratusi, maana kwao mgonjwa asiyefukizwa hajauguzwa. Ilikuwa Februari, na Durban ya Februari hata kuta hutoka jasho. Wakamfunika mablanketi juu ya mvuke, wakaimba. Walipomfunua hakuweza kusimama, na macho yaliona ukungu mtupu.

"Ugonjwa unatoka," Mama Annick alisema.

"Mama Annick, ni mimi natoka. Leta maji ya baridi."

Wakamlowesha, wakampepea kwa vitenge, na jioni macho yakarudi. Libère alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Sasa nikuuguze namna gani?" akauliza.

"Uliza mimi kwanza. Mimi nataka cherehani yangu."

"Miguu haiwezi kukanyaga."

"Mikono iko."

Dominiki akaing'oa ile mashine kwenye meza yake ya kukanyagia kwa miguu, akaifungia mpini wa mkono alioupata kwa muuza vyuma chakavu. Libère akawa anamshusha mkewe barazani kila asubuhi kabla ya kukimbilia teksi ya Pinetown, daladala ya huko. Lakini kuzungusha mpini kulimchosha Godelive upesi, na hapo wageni wakapata kazi. Kila aliyekuja kusema pole alikalishwa kwenye stuli azungushe, huku yeye akiongoza kitambaa na mazungumzo. Mama Annick alizungusha kwa bidii mpaka sindano ikakatika.

"Taratibu, mama. Hii suruali ya pastori, si siku ya kiyama."

Jua likipanda, Godelive aliweka miguu kwenye beseni la maji baridi. Uchovu ukimjia alijilaza kwenye mkeka nyuma ya kaunta, na Dominiki akawanyamazisha wateja. Ziko siku hakushona hata pindo, na siku hizo alikuwa mkali kama pilipili. Hakupona. Ila alikuwa fundi, na watu walimwita fundi.

Mara ya mwisho Dominiki kuwaona ilikuwa Agosti ya mwaka uliofuata, kabla joto halijarudi, wakihamia Overport kwenye nyumba isiyo na ngazi. Godelive alikuwa kwenye kiti cha mbele cha bakki, pikapu iliyobeba vyombo vyao, mkongojo mapajani, akimalizia vifungo vya blauzi ya shule. Libère alisimama kumuaga mzee kwa heshima, mikono miwili, maneno mengi.

"Libère, twende," Godelive alisema bila kuinua kichwa. "Mwenye blauzi ananingoja."