Nepi Mbili Dirishani

Wodini walimwita Mama Nepi, na wala hakununa. Kwa miaka ishirini na mbili muuguzi huyu alikuwa akiwalea vichanga waliozaliwa na utumbo ulioziba. Daktari hupasua, huunganisha, kisha hubaki kungoja choo, kwani mtoto haonji tone la maziwa mpaka ajisaidie. Subira huvuta heri, wasemavyo watu. Mama Nepi alitaka ivute kinyesi tu.

Kichanga wa kitanda cha nne alikuwa katika siku ya tano tangu apasuliwe. Mama yake bado alikuwa amelazwa wodi ya wazazi, kwa hiyo aliyekaa naye ni bibi yake, mwanamke msafi hata stuli aliifuta mara tatu kabla ya kukaa.

Asubuhi daktari alifungua nepi. Nyeupe pe!

"Siku tano ni nyingi," akasema. "Mwandaeni. Saa sita tunamfungua tena."

Mama Nepi akamwinamia mtoto. Kilo mbili tu, na kisu mara ya pili! Alishawaona wasiorudi. Akapapasa tumbo la mtoto: laini. Alipoinua macho akaona dirishani nepi mbili za kitambaa, zinachuruzika maji.

"Bibi, hizi umefua lini?"

Bibi akainamisha kichwa. "Asubuhi hii, sista. Usinitangaze. Alijichafua, nami nikaona haya. Daktari mzima aje akute uchafu?"

"Mara mbili?"

"Mbili. Nimezisugua zikatakata."

Mama Nepi alicheka huku machozi yakimtoka, akamkimbilia daktari. Daktari naye hakuwa mtu wa kuamini nepi iliyofuliwa.

"Nataka kuona kwa macho yangu," alisema. "Saa sita ni saa sita."

Basi Mama Nepi na bibi wakakaa kando ya kitanda, macho kwenye nepi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Sasa bibi alijua usafi wake ungemponza mjukuu.

Saa sita kasorobo mtoto akakunja uso, akawa mwekundu, akajikamua. Harufu ikawafikia wote wawili. Mkono wa bibi ukaenda wenyewe kwenye beseni.

"Usiguse maji!" Mama Nepi akafoka.

Bibi akaurudisha mkono. Akaivua ile nepi taratibu, akaibeba wazi kwa mikono miwili, akapita nayo katikati ya wodi mbele za watu wote, hadi mlangoni kwa daktari.

"Hodi," akasema. "Nimekuletea."