Kalumba na makamyo ya barabara ya Mutoshi

Mudogo wangu Kalumba alipima uzito ya makamyo, malori ya madini, ku mulango ya bariyeri ya kampani ya migodi miaka makumi mbili na mbili. Alipotoka kazi, pesa yote ya mwisho akanunua aksio, maana yake bipande bidogo bya ile ile kampani, binauzishwa ku soko ya Ulaya. Mutoto wake Joyeuse, anakaa Bruxelles, ndiye alimununulia. Shabaha ilikuwa moja: bei ipande, auzishe, anunue parsele, kiwanja ya kujenga, mbali na Kasulo, mutaa yetu. Hapa tunakaa juu ya mashimo. Jirani yetu muzee Modeste anachimba kobalti ndani ya saloni yake mwenyewe, na shimo yake inapita chini ya nyumba za bengine.

Tangu siku ile Kalumba hakutulia. Asubuhi anasimama barabarani anahesabu makamyo. Saa sita anarudi kuhesabu tena. Siku moja alipata mia na kumi. Akasema sasa bei itaruka, Joyeuse asiuzishe. Mi nilisoma mpaka darasa ya sita kwa masista, siko mujinga, na mi nilikubali. Kumbe bei ikaanguka.

Joyeuse akamueleza ku telefone kwamba kobalti ilijaa dunia nzima, sawa nyanya wakati ya mavuno, na faida ya kampani ilikuwa inapunguka.

"Papa, huku hawahesabu makamyo ya leo," alisema. "Batu bananunua ile banafikiri itakuja kesho."

Kisha serikali ikafunga kobalti isitoke inchi. Makamyo yakapunguka, Kalumba akakataa bukari, ugali yetu, siku mbili. Lakini miezi ikapita, aksio ikaanza kupanda: shaba ya kampani ilikuwa inatoka bado, na kobalti yake iliyowekwa ku depo, ndani ya gala, kila mutu alijua itauzishwa bei kali. Hapa Kasulo pia bei ya gunia ikapanda. Modeste akaongeza batu bane ku shimo. Nilikuwa ninakaa chini ninamenya mihogo, nikasikia chuma yao inagonga chini yangu.

Nikamuambia Kalumba auzishe. Akajibu kwamba akingoja wiki moja atapata parsele ya kona, iko na kisima.

"Ile inapandisha aksio yako ndiyo inamupa Modeste nguvu," nilimuambia. "Bei ni moja, Kalumba."

"Yaya," alinijibu, maana mi ni dada yake mukubwa, "weye hujapima hata mbuzi."

Kesho yake, saa ine ya asubuhi, jikoni yetu ikazama na mbabula, jiko ya makala, na sufuria ya maharagwe. Hakuna mutu alikuwa ndani. Kalumba aliangalia lile shimo, akapiga telefone akisimama. Joyeuse akamuomba angoje mpaka siku ya kwanza, ndiyo Jumatatu, sababu leo ile bei ilishuka kidogo: batu ba soko balisikia kwamba kobalti itafunguliwa.

"Uzisha leo," Kalumba alimuambia.

Siku ya kwanza bei ikapanda tena. Parsele tuliyopata ni ndogo, haiko ya kona, maji tunachota mbali. Kalumba, kabla ya kuweka kiti, anapiga udongo na kisigino mara tatu, anasikiliza, anasogea, anapiga tena.