Chupa ya Mtaalamu Siku ya Posa

Jamani, aibu niliyoipata Temeke siku ya kupeleka posa ni ya kumsimulia mtu akiwa kageukia ukutani, lakini kwa kuwa nyie ni wenzangu na mmeshasikia vipande vipande mitaani (tena vimetiwa chumvi, eti nilikutwa uchi, uongo mtupu), bora niwaambie mwenyewe.

Mnajua mie naendesha gari la wakandarasi wa barabara. Pale kazini kila mgeni aliyekuja na ujuzi wake tunamwita mtaalamu, na mtaalamu ninayemwendesha mimi ni Mwitaliano, anakaa Msasani, mtu mpole mwenye maneno mengi. Nilipomwambia kwamba naenda kumposa Neema, akaingia ndani akatoka na chupa ambayo sijawahi kuona ya namna ile: tumbo la mviringo limevikwa majani makavu yaliyosukwa kama ukili, shingo nyembamba, mdomo umezibwa kwa nta nyekundu, na kwenye karatasi ya shingoni jogoo mweusi kasimama kifua mbele. Ndani divai nyekundu iliyokolea, ya shamba la zabibu la kwao. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kwamba aliyeanza kuitengeneza ni babu wa babu yake, wanarithishana mpaka leo, na hii imelala miaka kwenye handaki chini ya nyumba yao, nimpelekee baba mkwe, ila nisiipige jua. Sasa mimi pombe sinywi (mjomba wangu Elia husema nalewaga hata soda), lakini nikajua Baba Neema ni mwalimu mstaafu anayependa kitu kizuri, nikaona hapo nimeua.

Tumefika getini, mimi na mjomba Elia ambaye ndiye mshenga, ujumbe wa Neema ukaingia kwenye simu: "Mama kaita wenzake wa maombi, wamejaa sebuleni. Kama umebeba pombe usiingie nayo." Mjomba akasema irudishe garini, basi. Mimi nikawaza jua lile la mchana na gari lenye vioo vimefungwa, si itachemka humo? Kando ya geti pana bomba, na chini yake mchanga mbichi wa baridi, kwa hiyo nikafukua kwa mikono nikaifukia chupa, nikaacha shingo tu inachungulia, nikijisemea tukimaliza nitamvuta Baba Neema pembeni nimkabidhi. Nilijiona mjanja sana.

Ndani mambo yalianza vizuri. Mwoaji siku hiyo hana mdomo, mshenga ndiye anayesema, mimi nimeinamisha kichwa kama mwali. Mjomba hajamaliza hata kueleza kwamba tumeona ua kwenye bustani yao, tukasikia ukelele nje. Nikadhani nyoka. Tulipotoka mbio tukamkuta Mama Neema, ambaye alikuwa amekwenda kuchota maji, kasimama mbali na bomba huku ananyooshea kidole mchangani.

"Tunguri! Wametufukia tunguri getini, siku ya posa ya mwanangu!"

Nikatazama huku na huku kuitafuta hiyo tunguri, maana vibuyu vya waganga navijua, na naapa sikuona kitu. Pale chini palikuwa na chupa yangu tu. Lakini kina mama wa maombi walikuwa wameshaanza kukemea kwa nguvu, na mkwe mtarajiwa huwezi kusimama unashangaa, basi na mimi nikanyoosha mkono nikakemea. Nilikemea vizuri mpaka mjomba akanigeukia. Mara akaja mmoja na mafuta ya taa na kiberiti, akaenda moja kwa moja kwenye chupa ya watu.

"Mama, msiichome! Hiyo yangu!"

Maombi yakakatika.

"Yako?" akauliza Mama Neema.

Hapo nikajua wamegundua kwamba ni pombe, kumbe ningekuwa na akili ningejua walichogundua ni kingine kabisa. Nikaamua neno pombe lisinitoke, divai lisinitoke, mbele ya watu wa Mungu nizungukie mbali.

"Ndiyo, mama. Nimemletea baba."

"Ya kumfanya nini?"

"Ya kumchangamsha tu, mama. Alegeze roho tukizungumza."

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mtaalamu wangu." (Jiji hili mtu akikwambia katoka kwa mtaalamu, hata mtoto anajua huyo hakwenda kuulizia barabara. Mimi kwa mazoea ya kazini nilishasahau.)

"Mtaalamu wako yuko wapi?"

"Msasani."

"Mpaka Msasani wapo!" akasema mama mmoja kwa nyuma.

"Wapo, mama," nikamjibu kwa heshima. "Tena ni ya kwao, wamerithi kwa mababu. Inakaa chini ya ardhi miaka ndiyo inapata nguvu."

"Na jogoo mweusi?"

"Ndiyo alama ya ukoo wao."

Mama Neema akakaa chini, pale pale mchangani. Neema alikuwa kajishika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikawa nashangaa, mbona kila nikieleza kwa adabu mambo yanazidi kuharibika? Ndipo mjomba akanivuta shati. "We mpumbavu, wanakuita mchawi! Sema ni divai!"

"Ni divai!" nikapiga kelele. "Jamani ni divai tu, ya Italia!"

"Sasa hivi ndiyo imekuwa divai?" akasema Mama Neema akiinuka. "Basi inywe. Inywe yote tukuone."

Nampenda Neema, na nilijua nikitoka pale bila kuinywa nimemkosa. Mjomba akaleta bisibisi kutoka garini, akakisukuma kizibo kikazama ndani, nikainua chupa. Kali, chungu, inakausha ulimi kama bibo, na tumboni hamna kitu tangu asubuhi kwa hofu. Kila nikishusha kupumua wanasema bado. Nilipofika kwenye mashapo wakapiga makofi kwamba sijafa, nami nikapiga pamoja nao, halafu nikaliamkia bomba shikamoo, nikamwita Mama Neema mchumba, nikamnyooshea kidole Baba Neema: "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Akanipa ruhusa. Sikufika.

Nilipozinduka nilimsikia Mama Neema akitoa hukumu. "Mchawi siye. Ni mlevi. Na mlevi anaombewa." Posa ikasimamishwa mpaka nifunguliwe.

Basi kila Jumamosi natoka kwangu Boko naenda Temeke kupiga magoti niombewe pombe nisiyoinywa. Nikisema sinywi, wanasema hilo ndilo pepo lenyewe, linakana. Nikinyamaza, limekaidi. Jamani, unafunguliwaje kitu ambacho hakijakufunga? Jumamosi iliyopita nikachoka, nikaamua kukiri. Nikatunga maisha yote ya ulevi, nikasema nililala mitaroni, niliuza godoro la marehemu bibi, na katikati machozi yakaja yenyewe kwa uchovu. Mama Neema akalia kuliko mimi, akanikumbatia. "Sasa wewe ni mwanangu. Posa nimeipokea."

Nikatoka natembea juu juu. Neema akanisindikiza hadi getini, na pale nikamwambia ukweli kwamba yote nimetunga, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Yote? Na kulia kule?"

"Yote."

"Mama yangu kakulilia vile, kumbe unatunga." Akafungua geti. "Ulevi ningeuvumilia. Naomba muda nifikirie."

Kwa hiyo hadi leo mama mtu ananiita mwanangu, mwenye kuolewa anafikiria, na mimi sijui kama nina mchumba au nina mkwe tu. Nimeshaapa: divai nitaiita divai hata mbele ya askofu, na kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa kosa nililolifanya kweli.