Nilimdanganya Bukuru kuwa goti linauma: mazoezi ya uwanjani na mbio za barabarani, Kasulu hadi Kibondo

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu muda mrefu sana. Jana nimeona kijana mmoja anauliza: mtu anayejiandaa na mbio za baiskeli za barabarani, akifanya training ya kuzunguka uwanjani kuna faida, au anapoteza muda wake?

Watu wakamjibu, kila mtu na lake. Wengine unaona kabisa hata baiskeli hawana.

Mimi nimefanya vyote viwili na jibu ninalo. Ila siwezi kulitoa bila kutoa na aibu yangu, kwa hiyo naileta yote kama ilivyokuwa. Hata mke wangu hajui nusu yake. Mwenye haraka apite tu, simlaumu.

Kwanza tuwekane sawa. Mtu wa Dar akisikia Kigoma anawaza ziwa na migebuka. Huku kwetu juu, Kasulu, Buhigwe, Kibondo, ni vilima, migomba na baridi ya asubuhi. Samaki tunaletewa kama mnavyoletewa nyinyi.

Mimi ni mzaliwa wa Munanila, jirani kabisa na Burundi. Nilipomaliza darasa la saba nikaingia kwenye kazi ya baiskeli: nabeba ndizi na tangawizi kutoka kijijini, napeleka soko la Kasulu, narudi. Nimefanya hivyo miaka sita.

Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na Bukuru.

Kwa wasiojua, kwetu Bukuru ni jina la pacha wa kwanza, wa pili anaitwa Butoyi. Butoyi wa kwao alifariki akiwa hajaanza hata kutembea. Mama yao alipoona mimi na Bukuru hatuachani, akaanza kuniita Butoyi kwa utani. Baadaye utani ukazoeleka. Nikiingia tu uani kwao nasikia, "Butoyi, ushakula?" Nami naitika.

Sasa wabeba mizigo tuna sheria yetu, haijaandikwa popote. Mzigo wa ndizi huupandishi mlimani peke yako. Mkifika chini ya kilima, baiskeli moja mnailaza pembeni, ya pili mnaisukuma wawili. Mwenye baiskeli anashika usukani, mwenzake anaweka mikono kwenye mzigo. Mkifika juu mnarudi kufuata ile nyingine.

Huombi. Unashika usukani tu, na mikono ya mwenzako unaisikia nyuma. Ukimwacha mtu chini ya kilima, jina lako linafika sokoni kabla ya ndizi zako.

Naomba hilo mlishike, tutalirudia.

Basi akahamishiwa Kasulu mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa Moshi. Nitamwita Mwalimu, inatosha. Ujanani alikuwa mchezaji wa baiskeli za uwanjani. Siku moja akatukuta tunashusha mizigo sokoni, akatuangalia mapaja bila aibu, akasema, "Nyie vijana miguu mnayo. Hamjui kuitumia."

Akatuita uwanja wa shule. Uwanja wenyewe ni ile njia ya wakimbiaji inayozunguka uwanja wa mpira, ya udongo, imechorwa kwa majivu. Akatutolea baiskeli yake ya ajabu. Haina breki. Frewili imechomelewa, kwa hiyo pedali hazipumziki hata sekunde moja. Gurudumu likizunguka, na wewe unazunguka. Ukitaka kusimama unazuia kwa miguu mpaka ikubali.

Siku ya kwanza ilimtupa Bukuru mara mbili. Alikuwa amezoea kukandamiza pedali kama mtu aliyebeba mikungu kumi, halafu akipata mteremko anastarehe. Kule hakuna mteremko.

Akanyanyuka, akajikung'uta vumbi. "Yewe Mwalimu, mtu akizunguka hapa kutwa nzima atakuwa amefika wapi?"

"Wewe zunguka. Utakuja kuniambia mwenyewe."

Na kweli alikuja kumwambia. Baada ya wiki kadhaa za kuzunguka kila Jumatano, Bukuru alipanda kilima cha kuingia Kasulu akiwa na mzigo mdogo wa tangawizi, miguu inazunguka myepesi kama cherehani. Uwanja ulikuwa umemfundisha kuzungusha badala ya kukanyaga. Tulipofika juu akacheka peke yake, akasema, "Ego, ndiyo, nimeelewa sasa."

Kwa hiyo kijana uliyeuliza, jibu la kwanza ndilo hilo. Uwanja unakupa wepesi, unakufundisha kushika mstari bila kuyumba, na kumkalia mtu nyuma karibu kabisa ili yeye akate upepo wewe upumzike. Barabara inakupa pumzi na roho ya kuvumilia. Ukichanganya vizuri, kimoja kinamlisha mwenzake.

Tatizo langu sikuchanganya. Nilinogewa na uwanja.

Sprint ya mwisho ya uwanjani nilikuwa siguswi. Unamkalia mtu nyuma mizunguko yote, ukibaki mzunguko nusu unachomoka, yeye hana kitu. Wanafunzi wanapiga kelele. Mtu aliyezoea kupigiwa honi na malori atoke barabarani, akishangiliwa na shule nzima, kichwa kinavimba. Nikaanza kukwepa safari za mizigo nikae uwanjani. Bukuru akawa anakwenda Munanila na watu wengine, ila Jumatano hakosi.

Mwalimu aliniambia wazi, na hapa namtendea haki. "Uwanjani kumkalia mtu mgongoni ni mchezo, wote mnajua mnachofanya. Lakini usiache barabara. Miguu yako inaanza kuwa ya dakika mbili."

Nikamwitikia. Sikumsikia.

Ndipo likatangazwa shindano la kutoka Kasulu hadi Kibondo. Mshindi wa kwanza anapata baiskeli halisi ya mashindano, na nafasi ya kwenda kambi ya timu ya mkoa. Nafasi ni moja tu.

Kila mtu alijua ni ya Bukuru. Hata mimi nilijua. Mama yake alikuwa ameshaanza kuwaambia majirani mwanawe anakwenda kuchezea mkoa. Bukuru mwenyewe hakuwa mtu wa maneno, lakini jioni moja tukiwa tunafunga keria aliniambia, "Hii ndiyo itanitoa kwenye ndizi. Nikikosa, sijui tena."

Tukakubaliana tupokezane upepo. Yeye mbele kidogo, mimi mbele kidogo, mpaka Kibondo tuionapo kwa macho. Kuanzia hapo kila mtu na pumzi zake.

Asubuhi ya shindano tukatoka Kasulu waendeshaji kama arobaini, wengi na baiskeli za mizigo zilizovuliwa keria na madigadi. Tulipopita Makere kundi lilikuwa limeshakatika. Tulipovuka daraja la Malagarasi tukabaki wawili, mimi na yeye.

Na mimi nilikuwa nimekwisha.

Wakuu, niliisikia kabisa ile miguu ya dakika mbili. Jua limetoka, mdomo umekauka, na zamu yangu ya kukaa mbele inakuja. Nikajua nikikaa mbele mara moja tu, sifiki.

Ningeweza kumwambia, "Ndugu, nimechoka, nenda." Angekwenda, na lingekuwa limeisha kwa heshima.

Badala yake nikakunja uso, nikashika goti la kulia. "Kaka, goti limekataa."

Hakuna aliyenituma. Mwalimu hakuniambia. Goti lilikuwa zima na wazo lilikuwa langu.

Bukuru aligeuka akaniangalia. Hakuuliza mara mbili. "Kaa nyuma yangu. Nitakufikisha."

Akakata upepo wangu na wake mpaka njia panda ya Nduta. Mimi nyuma yake, karibu kama nilivyofundishwa, nazungusha miguu taratibu. Naona jasho linavyomchora mgongoni. Kila akipunguza nadhani ananishtukia, kumbe ananisubiri.

Halafu kuna kile kilima kabla ya kuingia Kibondo. Nikaanza kuachwa, na pale sikuigiza, nilikuwa mzito kweli.

Bukuru akarudi nyuma akawa ubavuni kwangu. Akashika usukani wake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akauweka mgongoni kwangu, akanisukuma. Kwenye mbio, jamani, mtu anamsukuma mpinzani wake. Waliokuwa pembeni ya barabara walicheka wakadhani ni kichaa. Mbeba mizigo yeyote angeelewa. Tulikuwa kwenye kilima, na mwenzako humwachi kilimani.

Nakumbuka mkono ulikuwa wa moto.

Tukafika juu, Kibondo ikaonekana. Kutoka pale barabara inashuka, kisha inanyooka mpaka kwenye kamba ya kumalizia. Nikahesabu kama niko uwanjani. Mzunguko mmoja. Mzunguko nusu.

Nikachomoka.

Nilipopita kamba sikugeuka nyuma. Watu walinibeba juu juu. Nikiwa bado mabegani kwao nikamwona Bukuru anakuja, kaibwaga baiskeli chini, anapenya katikati ya watu. Nikajua sasa nachapwa. Kwa kweli moyoni nilitamani anichape.

Akafika, akainua uso. "Goti vipi?"

Nikamwambia limetulia.

"Mungu mkubwa," akasema. Akanipa mkono.

Kesho yake mama yake akaniletea chupa ya dawa ya mizizi. Katembea asubuhi nzima kuitafuta. "Butoyi, upake jioni, ukimaliza ulifunge goti kwa kitambaa." Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Ile chupa sijawahi kuifungua. Ninayo mpaka leo.

Mngedhani ningetulia hapo. Wapi. Siku chache kabla ya kwenda kambini nilikuwa mgahawani sokoni na wenzangu, mmoja akasema siku ile nilibahatisha. Nikapandwa na mzuka. Nikamsimulia goti lote, na kicheko juu, eti hiyo ndiyo akili ya uwanjani. Waliokuwa wanakunywa chai meza ya pili walikuwa wabeba ndizi wa njia ya Munanila.

Sikuhitaji kuambiwa habari zingefika saa ngapi.

Kambini sikukaa. Walitupeleka barabarani siku tatu mfululizo, siku ya tatu coach akaniuliza kwa upole, "Hivi wewe ulishindaje?" Nikarudishwa na baiskeli yangu nzuri. Naamini Bukuru angebaki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kurudishwa kwenyewe.

Niliporudi, Bukuru hayupo. Alikuwa amehamia Kasanda, kule Kakonko, kwao mke wake, analima. Baiskeli alimwachia shemeji yake. Hakugombana na mtu, hakunisema kwa mtu.

Ilinichukua mwaka na zaidi kwenda kumwona. Nilijipa sababu nyingi, lakini ukweli ni kwamba niliogopa. Mwishowe nikaenda, kwa baiskeli, nikalala Kibondo njiani.

Alinipokea vizuri. Hilo ndilo baya. Tukala ugali wa muhogo na maharage, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua za Munanila. Nikajaribu kusema, "Bukuru, lile la goti..." Akanikata taratibu, "Kula, ndugu, kinapoa."

Wakati wa kuondoka akanipa kiroba cha maharage nimpelekee mama yake. Akakifunga mwenyewe kwenye keria, kwa fundo lile lile letu. Akanisindikiza. Kutoka kwake hadi njia kuu kuna kilima kimoja, kifupi ila kimesimama.

Tukafika chini ya kilima. Nikashika usukani, nikainama, nikasubiri mikono kwenye mzigo. Sikufikiria, mwili wenyewe ulisubiri.

Mikono haikuja.

Nikageuka. Alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, hana hasira hata kidogo usoni.

"Goti lako ni zima," akasema. "Panda."

Nikapanda peke yangu. Nilisimama mara tatu kupumzika. Nilipofika juu nikageuka nimpungie, nikakuta ameshaondoka.

Maharage nilimfikishia mama. Alinitokea mlangoni akasema kama siku zote, "Butoyi, ushakula?" Ndipo nikaelewa kuwa Bukuru hajawahi kumwambia, na wabeba ndizi nao walimficha.

Niliitika. Nafanya hivyo kila nikienda, na kila nikiitika najiona mwizi.

Kijana uliyeuliza, nenda uwanjani, utapata miguu. Rudi barabarani, utapata pumzi. Ila ukitoka uwanjani, mbinu za uwanjani usiwafanyie watu ambao hawajui kama mnashindana. Mimi nilibeba tabia ya kumkalia mtu mgongoni nikaipeleka kwa mtu aliyedhani ananibeba.

Naishia hapo wakuu. Matusi nitayasoma yote, nayastahili. Lakini mwenye busara anisaidie hili moja: yule mama nimwambie ukweli mimi mwenyewe, au nitakuwa namwondolea Butoyi wake mara ya pili?