Waya Uliosahaulika wa Mita ya Tanuri

Jina la Moshi alilipata mtaani, siku redio ya kwanza aliyoitengeneza ilipofuka moshi mbele ya mwenye redio, likamganda mpaka mvi zikamwota. Hakulalamika. Mafundi wa vifaa vya umeme hupewa majina mabaya zaidi ya hilo.

Mchana huo jina lilimkera. Alisimama uani kwa dada yake, mfinyanzi, mbele ya tanuri la gesi lililojaa mitungi, macho kwenye mita ya joto aliyoiunda mwenyewe. Dada macho yalikuwa yakimsumbua. Zamani alichungulia tundu la tanuri akajua moto umefika wapi kwa rangi yake tu. Siku hizi mitungi ilitoka mibichi au imepinda. "Na mitungi hii ikiharibika," alikuwa amesema asubuhi, "naacha kazi. Sitaki kuchekwa." Maneno hayo yalimwingia Moshi moyoni. Dada huyo ndiye aliyemlea, tena kwa kazi hiyohiyo ya udongo.

Mita ilisoma digrii mia saba. Ikasoma mia nane. Kabla hajameza mate ikasoma elfu na mia moja.

"Ngapi?" dada akauliza, mkono kwenye koki ya gesi.

"Subiri kwanza."

"Moshi, nimekuuliza ngapi!"

"Elfu na mia moja. Lakini haiwezekani, dada, moto haupandi hivyo. Hebu chungulia wewe."

Dada akainama, akakaza macho, akachungulia kwa muda. "Nyekundu," akasema. "Nyekundu ya kawaida tu. Bado."

Moshi akashusha pumzi, halafu akaona. Kizibo cha tundu, kipande cha tofali, kilikuwa palepale. Dada alikuwa amechungulia tofali.

Akachukua koleo, akakichomoa, na dada aliposikia mkwaruzo ule, uso ukamshuka.

"Basi umejua," akasema. "Sioni, mdogo wangu. Tangu mvua zilizopita sioni kitu humo ndani, nabahatisha tu. Sasa nizime au nisizime?"

Moshi akapiga hesabu. Wakizima, mitungi itabaki mibichi. Wasipozima, na kumbe mita inasema kweli, yote itaharibika. Alichungulia mwenyewe akaona wekundu, na wekundu ule haukumwambia lolote.

"Usizime," akasema, bila uhakika hata chembe.

Akafungua kifuniko cha mita. Katika kupekua, kidole kikagusa moja ya nyaya mbili zinazotoka kwenye kihisio cha joto, na namba zikaporomoka hadi mia saba na sitini. Akaachia, zikapanda. Akagusa tena, zikatulia. Hapo akajitukana kwa sauti.

Amplifaya iliyomo ndani ya mita ile ina milango miwili ya kupokelea, na kila mlango huvuta umeme kiduchu ambao lazima upate njia ya kurudi. Usipoipata hujilimbikiza, na namba hupanda zenyewe, moto uwepo usiwepo. Kwenye meza yake ya kazi alikuwa ameijaribu kwa kugusisha ncha ya kihisio kwenye birika la umeme, na birika lile la chuma lilikuwa na waya wake wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini. Njia ilikuwepo bila yeye kuiweka. Humu tanurini ncha imevikwa kauri, haigusi chuma chochote, na njia pekee ilikuwa kidole chake. Bwana fundi aliiamini meza yake.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimesahau waya mmoja. Moto wako hauna neno."

"Sasa si uuweke! Unanihutubia nini?"

Muda wa kulehemu haukuwepo. Akakata kipande cha waya, akachuna ncha zake kwa meno, akafunga moja kwenye mlango wa amplifaya na nyingine kwenye athi.

"Umeshatoa mkono kwenye mita?" dada akauliza.

"Nimetoa."

"Soma."

"Mia saba na tisini."

"Tena."

"Mia saba tisini na tatu." Namba zilipanda polepole sasa, jinsi moto wa kweli unavyopanda.

Dada akavuta kigoda, akaketi kando ya koki na kufumba macho. Alikuwa amechoka kujifanya anaona. "Endelea," akasema. "Ukichoka niambie, ila usininyamazie."

Moshi akasoma mpaka sauti ikamkauka. Aliposema elfu moja, kiwango cha mitungi kuiva, dada akazima gesi yeye mwenyewe, macho bado kayafumba.

"Kesho nakanda udongo mwingine," akasema. "Uje mapema."