Kalipa za Hiltrud

Hiltrud Hommes aligawa barua katika mji mdogo wa Adenau kwa miaka thelathini na minne, na hakuna mbwa aliyemtisha wala kona iliyomshinda. Alipostaafu akajinunulia gari jekundu la viti viwili, na kila mara barabara ya mbio za magari iliyo milimani juu ya mji ilipofunguliwa kwa watu wote, yeye yumo. Kando yake alikaa mumewe, Alois. Upande wa Alois hakukuwa na breki, lakini alizikanyaga hivyo hivyo, mpaka zulia la miguuni pake likatoboka.

Halafu mwezi Mei, kwenye mteremko wa Breidscheid wa barabara hiyo, pedali ya breki ikazama chini ya mguu wa Hiltrud kama inaingia matopeni. Alilisimamisha gari kwa gia na kwa bahati. Alois akashuka, akafunga mlango taratibu, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakupanda tena.

Hiltrud alizunguka mara moja peke yake, polepole, asione raha hata chembe. Alimtaka mumewe pale kando, na manung'uniko yake yote. Akaenda gereji kwa Ewald, mdogo wake Alois.

"Kalipa zako ndogo, shemeji," Ewald akasema, akigonga chuma kinachobana diski. "Zinapata moto mpaka oili ya breki inachemka. Hapo unakanyaga mvuke tu."

"Basi nipe zile nyekundu za pistoni sita."

"Za kusimamishia gari, au za kuringia?"

"Zote mbili."

Ewald akachukua kadibodi iliyokatwa kwa umbo la kalipa hiyo, akaiingiza ndani ya rimu na kuizungusha. Ikakwaruza.

"Ukizitaka hizi, ununue na rimu mpya. Na cheti hazina, mkaguzi wa magari atakurudisha nyumbani." Akaingiza kadibodi nyingine, nayo ikazunguka bila kugusa. "Hizi ni pistoni nne, zinakutosha kabisa, na cheti kipo. Ila sura hazina, kama kaka yangu."

"Kaka yako nimeishi naye miaka arobaini. Funga hizo."

Mkaguzi alipoziandika kwenye kadi ya gari, Hiltrud alitandika zulia jipya upande wa abiria, akamwita mumewe.

"Hili la nini?" Alois akauliza.

"La miguu yako. Panda mara moja tu. Ukilitoboa na hili, nauza gari."

Alois aliinama akalikagua zulia, kisha akapanda.

Walipofika mteremko wa Breidscheid, Hiltrud alikuwa na hofu, lakini alikanyaga. Pedali ikawa ngumu chini ya mguu, gari likatulia. Akatupia jicho la wizi upande wa pili. Zulia lilikuwa halijaguswa. Alois amekunja nne.

"Mama," akasema, "mbona unapunguza mwendo mapema hivyo?"